Wiki sita za kupaka rangi: kisa cha mwanafunzi wa Kiingereza ndani ya kazi ya kikundi

Nataka niwaandikie hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho, maana walimu tunapeana sana ushauri wa "waweke kwenye makundi tu wataongea", na mi mwenyewe nimewapa wenzangu huo ushauri miaka kadhaa kabla sijakaa chini kuangalia nini hasa kinatokea pale mezani. Mwanafunzi ninayemzungumzia nitamwita binti, basi, na vitu vingine vidogo vidogo nimevibadili asijulikane.

Darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi 32, umri miaka 11 na 12, masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kati yao saba walikuwa bado wanajifunza hiyo lugha, na hao saba msidhani wanafanana. Wawili walikuwa wanaongea vizuri tu huko uwanjani lakini ukiwapa aya ya sayansi wanakwama, wengine walikuwa wanasoma vizuri kuliko wanavyoongea, na binti alikuwa mgeni kabisa, miezi minne tangu aanze kusikia Kiingereza kila siku. Alikotoka alikuwa mwanafunzi mzuri, hesabu ndo usiseme, na mwandiko msafi. Ila kwangu darasani alikuwa kimya.

Kimya chenyewe hakikunitisha. Watoto wengi wanaoanza lugha mpya wanapita kipindi cha kusikiliza tu, wanakusanya, na kumsimamisha mtoto wa namna hiyo aongee mbele ya wenzie 31 ni kumtesa bure. Ndo maana nikamweka kwenye kikundi cha watu wanne pamoja na watoto watatu wanaoongea Kiingereza vizuri, nikiamini atasikia lugha nyingi, ataona inavyotumika, kidogo kidogo ataanza. Wiki sita tukaenda hivyo, Jumanne na Alhamisi kazi ya kikundi, mabango yanatoka mazuri, darasa lina ile kelele ya watu wanaofanya kazi, nikipita naona vichwa vinne vimeinamia karatasi moja. Nikawa naridhika.

Siku moja baada ya vipindi nilikuwa nabandika mabango ukutani. Kwenye mabango matatu ya kile kikundi nikaona kichwa cha habari kimepakwa rangi kwa uangalifu uleule, herufi zimejazwa vizuri, zimezungushiwa mstari mweusi mwembamba, yaani mkono mmoja. Mkono wake. Nikaanza kutafuta mwandiko wake kwenye maelezo ya chini, bango la kwanza, la pili, la tatu, sikukuta hata neno moja.

Kipindi kilichofuata nikachukua kiti nikakaa jirani na meza yao, mkononi nina madaftari kama nasahihisha, na kikaratasi chenye safu nne. Kila mmoja akisema kitu naweka alama. Dakika 20. Kijana wa kwanza alisema mara 41, msichana mwenzake mara 33, kijana wa pili mara 18. Binti mara mbili, zote mbili alisema "okay", ya kwanza alipoulizwa kama atafanya kichwa cha habari, ya pili alipopewa kalamu ya rangi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa mkorofi. Ningekuta wanamcheka au wanamsukuma pembeni ningejua la kufanya, ningewaita nikaongea nao. Lakini wale watoto walikuwa wapole kwake, wanatabasamu, wanamsogezea boksi la rangi, wamemtafutia kazi ambayo haimlazimu kusema kitu, na yeye anaifanya vizuri kabisa ili asiwaangushe. Wote wanne walikuwa wameelewana na mimi ndo niliyewapangia hayo maelewano bila kujua.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo maana kisa chote kinazunguka hapa. Kazi niliyokuwa nawapa ilikuwa "soma kurasa hizi, tengenezeni bango". Wana kitabu kilekile, watatu wanasoma bila shida, kila taarifa inayohitajika wanayo. Bango linaisha vizuri tu bila yeye. Kama kazi inaweza kuisha bila mtoto fulani, itaisha bila yeye, na si kwa sababu wenzie ni wabaya, ni kwa sababu dakika ni 25 na wanataka wamalize. Sikuwa nimewapa kazi ya kushirikiana, niliwapa kazi moja na meza moja.

Elizabeth Cohen, aliyefundisha chuo kikuu cha Stanford, alitumia miaka mingi kwenye jambo hilihili. Alionyesha kwamba watoto hawaingii kwenye kikundi wakiwa sawa, wanaingia na vyeo ambavyo darasa limeshawapa, nani anaonekana ana akili, nani anajua kusoma, nani anapendwa, alafu mwenye cheo anaongea zaidi, na anayeongea zaidi anajifunza zaidi. Kwahiyo kikundi kikiachwa kijiendeshe kinaweza kuongeza pengo badala ya kulipunguza. Kwa mwanafunzi anayejifunza lugha hasara ni mara mbili manake kwake kuongea kwenyewe ni somo. Merrill Swain aliliandika hili mwaka 1985 baada ya kuwafuatilia watoto wa Kanada waliokuwa wanasoma masomo yao kwa Kifaransa: walikuwa wanakisikia kila siku, wanakielewa vizuri, lakini kwenye kuzungumza na kuandika sarufi yao ilibaki nyuma, na hoja yake ikawa kwamba kusikia na kuelewa pekee hakutoshi, mtu lazima afike mahali anasukumwa kutoa sentensi yake mwenyewe, aone wapi inamkwama. Binti wangu alikuwa na wiki sita za kusikia na hakuna mahali popote alipohitajika kutoa.

Jaribio la kwanza nililofanya nitalipitia haraka. Nilimhamishia karibu na kijana anayeongea lugha ya nyumbani kwao, yeye yupo shuleni siku nyingi. Binti akachangamka, nikamsikia anacheka kwa mara ya kwanza, na hilo silidharau hata kidogo, mtoto akishakuwa na mtu wa kuongea naye hata sura inabadilika. Ila ndani ya wiki mbili kijana akawa mkalimani wa kudumu. Kila swali la kikundi linapita kwake, kila jibu linarudi kupitia kwake, binti akimwangalia yeye tu. Na kijana mwenyewe akaanza kurudi nyuma kwenye kazi zake, siku moja akaniuliza taratibu kama anaweza kukaa meza nyingine, akaona aibu kuuliza. Nikamwambia hana kosa. Nilichokibakiza kutoka kwenye hilo jaribio ni kwamba lugha ya nyumbani ina nafasi kubwa darasani, ila nafasi yake nzuri ni wakati wa kuandaa mawazo. Wakati wa kuyapeleka kwa wengine kila mtoto apeleke ya kwake.

Alafu nikaenda kwenye jigso.

Kwa ambao hawajaitumia: mada inagawanywa vipande, kila mwanakikundi anapewa kipande chake peke yake, wote wenye kipande kinachofanana wanakutana kwanza kwenye meza ya wataalamu wanakisoma pamoja, halafu kila mmoja anarudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wenzie. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake, mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Kilatini waliokuwa wametenganishwa, na madarasa yakawa na uhasama. Haikubuniwa kwa ajili ya lugha, ilibuniwa ili watoto wahitajiane. Na mimi hicho ndo nilichokuwa nakikosa.

Mada ilikuwa mzunguko wa damu, na kuichagua hiyo si bahati. Kosa ninaloliona sana kwenye jigso ni kugawa mada kwenye vipande ambavyo havigusani, mfano wanyama wanne, kila mtoto na mnyama wake. Hapo nikikosa kusikia habari za mnyama wako, wa kwangu anabaki palepale, kwahiyo nitakusikiliza kwa adabu tu. Mzunguko wa damu haukubali hivyo. Nilivigawa moyo, mishipa, damu yenyewe, na mapafu, na kazi ya mwisho ilikuwa kuifuata tone moja la damu safari yake yote na kueleza kwa nini linapita kwenye moyo mara mbili kabla ya kurudi lilikoanzia. Mwenye moyo ana vyumba vinne lakini hajui kwa nini damu inatoka ikarudi. Jibu lipo kwa mwenye mapafu. Mapafu nikampa binti.

Siku ya kwanza ilikwenda vibaya. Kwenye meza ya wataalamu walisoma dakika 15, nikaona anafuatilia kwa kidole, nikajipa moyo. Wakarudi kwenye vikundi. Zamu yake ilipofika akainamisha kichwa kwenye karatasi akaanza kuisoma neno baada ya neno, sauti ya chini, "oxygen" ikamshinda akairudia mara tatu. Wenzie wakawa wanajitahidi kusikiliza kwa kweli, kijana mmoja alikuwa amesogeza hadi kiti. Nusu dakika haikupita, yule msichana wa pembeni akanyoosha mkono, taratibu kabisa, akaichukua karatasi mikononi mwake akaanza kuisoma yeye kwa sauti. Nikaona mabega ya binti yanashuka. Alipumua. Ule ulikuwa unafuu, na sekunde chache baadaye alikuwa amechukua kalamu ya rangi.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaza labda nimemharakisha. Kilichonirudisha ni kukumbuka kwamba hata kina Aronson mwanzoni walikutana na hali kama hii, kijana mmoja ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili, zamu yake ya kueleza anakwama, wenzie wakawa wanamkejeli na yeye anazidi kujikunja. Msaidizi aliyekuwepo hakumtoa kijana wala hakuwafokea wenzie, aliwakumbusha tu kwamba mtihani unakuja baada ya muda mfupi na anachokijua huyu hawatakipata kwingine. Na taratibu wale watoto wakajifunza kumuuliza maswali mazuri, kumbe akiulizwa vizuri anajua mengi. Nikajiuliza, kwenye meza yangu nani alifundishwa kuuliza? Hakuna. Maandalizi yote nilikuwa nimeyaelekeza kwa binti kana kwamba tatizo lipo mdomoni mwake peke yake, na wasikilizaji wake watatu nimewaacha bila chochote zaidi ya upole wao, na upole wao ndo ulioichukua ile karatasi.

Kwahiyo nilipoirudia wiki iliyofuata, kitu cha kwanza kilichobadilika ni karatasi. Karatasi haitoki kwenye meza ya wataalamu. Mtu anarudi kwenye kikundi chake na kadi ndogo yenye mchoro aliouchora mwenyewe na maneno matano aliyoyachagua, hakuna sentensi. Hii ni kwa wote, siyo kwa wanaojifunza Kiingereza peke yao, na nalisisitiza kwa sababu msaada ukipewa mtoto mmoja mbele ya wenzie unamtia alama. Hakuna cha kusoma, na hakuna cha kunyang'anywa kwa wema.

Muda wa wataalamu nikauongeza mara mbili, na nusu yake yote ikawa ya mazoezi. Mnasimama wawili wawili, unamweleza mwenzio kipande chenu dakika tatu, mnabadilishana, alafu unatafuta mtu mwingine unamweleza tena kwa dakika mbili, alafu mwingine kwa dakika moja na nusu. Mzunguko wa kwanza lugha yoyote. Binti mzunguko wa kwanza alieleza kwa lugha yake kwa yule kijana, aliyekuwa na mapafu pia safari hii, wakabishana kidogo wakaangalia tena mchoro. Wa pili kwa Kiingereza na msichana mwingine anayejifunza. Wa tatu na mtoto anayeongea vizuri. Kwahiyo alipofika kikundini ilikuwa mara ya nne anasema kitu kilekile, na mtu yeyote akisema kitu mara ya nne ulimi unakuwa mwepesi, hata sisi wakubwa.

Upande wa wasikilizaji kila mtu akapewa mchoro wa safari ya damu wenye nafasi wazi, nafasi za kipande chako unaweza kuzijaza, zingine huwezi mpaka umsikie mwenzio. Na tukatumia dakika kumi darasa zima kujifunza kuuliza. Niliandika ubaoni vianzio vichache tu: "Can you show me on the picture?", "Do you mean this one or that one?", "Say that part again, please." Mimi nikajifanya mtu anayeeleza vibaya, naruka ruka, nasahau maneno, na wao kazi yao ni kunitoa habari kwa maswali bila kunimalizia sentensi. Kumalizia sentensi ya mtu tulikubaliana hairuhusiwi mpaka mwenyewe aombe. Hili lilikuwa gumu kwa wale waongeaji kuliko nilivyotarajia, kuna kijana aliziba mdomo kwa mkono.

Na kusubiri. Mary Budd Rowe miaka ya 1970 alichapisha utafiti wake kuhusu muda ambao walimu wanaungoja baada ya kuuliza swali, akakuta kwa wastani ni kama sekunde moja hivi, na walimu walipojizuia wakafika sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yakawa marefu na waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Sasa kama mwalimu mwenye mafunzo anangoja sekunde moja, mtoto wa miaka 11 atangoja ngapi? Niliwafundisha kuhesabu vidole vitano chini ya meza kabla ya kusema chochote mwenzao akinyamaza. Sekunde tano kimya mezani ni ndefu, inakera mwanzoni, ila mtu anayetafuta neno kwenye lugha ya pili anaihitaji yote.

Zamu ya binti ilivyofika nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya jirani. Akaweka kadi katikati, akagusa mchoro. "Blood come here. Blue. No oxygen." Kimya. Nikaona vidole vinahesabu. Kijana wa kwanza, yule wa mara 41, akauliza kama kweli damu ina rangi ya bluu. Binti akamwangalia, akatikisa kichwa. "No. Red. Dark red. Only picture blue." Kwenye karatasi yao ya mapafu kulikuwa na sentensi moja inayosema hivyo, kwamba michoro inatumia bluu ili kutofautisha lakini damu isiyo na oksijeni ni nyekundu iliyokoza, na watoto wengine mezani hawakuwa na hiyo sentensi. Kijana akafuta kitu kwenye karatasi yake akaandika upya. Ndo mara ya kwanza kwenye darasa langu mtu kubadili alichoandika kwa sababu ya kitu alichosema binti.

Halafu wakafika kwenye ile nafasi ya mwisho, kwa nini damu inarudi kwenye moyo. Wakamwangalia. Alichukua muda, mpaka nikataka kuingilia nikajizuia, akaweka ngumi kifuani akaifungua na kuifunga. "Lung give oxygen. Lung not push. Heart push."

Sentensi tatu zenye makosa ya sarufi na sayansi iliyonyooka kabisa. Sikumsahihisha na naomba mwenzangu yeyote akifika hapo asimsahihishe. Kijana wa pili akasema kwa mshangao, aah, kwahiyo "the lungs don't push it, so it has to go back", akaandika. Na dakika kama tano baadaye wakati wanapitia safari nzima kwa pamoja nikamsikia binti anasema "lungs don't push". Hakuna aliyemfundisha ile "don't" kama somo. Aliisikia kwenye wazo lake mwenyewe likirudishwa kwake likiwa limekaa vizuri, wakati ule ule alipokuwa anaihitaji, na hilo ni tofauti kubwa na kulisikia neno likielea darasani.

Wiki iliyofuata kikatokea kitu kingine ambacho sikukipanga. Walikuwa wanapima mapigo ya moyo, kabla na baada ya kuruka ruka, wanahesabu sekunde 15 wanajaza jedwali. Safu ya jedwali imeandikwa kwa dakika. Kikundi chao wakaandika 21. Binti akaweka kidole kwenye kichwa cha ile safu, kisha kwenye 21, akatikisa kichwa, akachukua penseli akaandika pembeni 21 mara 4, 84. Wenzie wakasema okay wakaendelea, hawakulipa uzito, mtu kasahihisha namba basi.

Hapo nikatumia kile Cohen alichokuwa anakihimiza, kwamba mwalimu anaposhuhudia mtoto mwenye cheo cha chini amefanya jambo la maana kwenye kazi, aliseme, mbele ya wenzie, kwa kutaja hasa alichofanya na kwa nini kazi inakihitaji, na liwe kweli. Nikasimama mezani nikasema: ameangalia kipimo cha safu kabla ya kuamini namba, ndo kazi ya mwanasayansi, bila hivyo jedwali lenu lote lingekuwa na makosa, kwahiyo kabla hamjaandika namba nyingine mwonyesheni yeye. Sikusema "hongera" wala "umejitahidi", manake hizo sifa za jumla watoto wanazijua, wanajua unamhurumia. Nilisema kitu ambacho wangeweza kukihakiki wenyewe. Kipindi kilichobaki walikuwa wanamgeuzia jedwali kila mara, na kumgeuzia mtu jedwali ni lazima umuulize kitu na yeye akujibu.

Nikahesabu tena baada ya kama mwezi, dakika 20, kikundi kilekile. Kijana wa kwanza 29, msichana 27, kijana wa pili 21, binti 17. Hizo namba zisichukuliwe kwamba zinapima kujifunza, ni alama za kwenye karatasi yangu tu, lakini kati ya zile 17 tano zilikuwa maswali na nne zilikuwa za kupinga jambo, na mtu hawezi kupinga jambo kwenye kikundi ambacho hayumo.

Mzazi wa mmoja wa wale waongeaji alikuja kuniuliza kama mwanae hacheleweshwi na haya mambo ya kungoja na kueleza eleza. Ni swali la haki na nilimjibu kwa kumwonyesha daftari. Maelezo ya mwanae ya mada zilizopita yalikuwa yamenakiliwa kutoka kitabuni karibu neno kwa neno, ya mzunguko wa damu yalikuwa kwa maneno yake, yenye "kwa sababu" ndani yake. Alipolazimika kumweleza mtu asiyeweza kukisia anachomaanisha, ilibidi kwanza ajue anachomaanisha.

Wale wawili wanaoongea vizuri uwanjani, jigso iliwatoa mafichoni, na hilo sikulitegemea. Kwenye mabango walikuwa wanapita vizuri tu kwa kuongea ongea, sasa na kadi ya maneno matano ikaonekana kwamba "chamber" na "vessel" hawazijui na sentensi ya kueleza sababu hawana. Mmoja alikasirika, akasema kadi ni za watoto wadogo. Nilikaa naye pembeni. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Kanada, alikwisha kulieleza hili muda mrefu, kwamba Kiingereza cha mazungumzo mtoto anaweza kukipata ndani ya kama miaka miwili lakini cha masomo kinachukua kama mitano mpaka saba kuwafikia wenzie, na hao watoto wa katikati ndo wanaoumia kimyakimya kwa sababu kila mwalimu anawasikia wanaongea anasema hawa wameshajua. Mimi nilikuwa mmojawapo.

Kuhusu binti, kuandika bado. Mtihani wa mwisho wa mada alipata alama za chini, jibu lake la safari ya damu lilikuwa mistari mitatu na mishale, wakati kwa mdomo angeweza kukueleza dakika mbili nzima. Nimeanza kuwafanya wawili wawili waandike upya pamoja maelezo mafupi ninayowasomea mara mbili kwa mwendo wa kawaida, wanachukua maneno wanayoyashika halafu wanaijenga aya kwa kubishana, naona inamsaidia, ila ni mapema.

Na muhula huu nimebadilisha vikundi, kama inavyotakiwa, yupo na watoto wengine watatu. Nikakaa na karatasi yangu kipindi cha pili. Mara nne. Boksi la rangi lilikuwa mbele yake. Hawa wapya hawakuwepo siku ya jedwali, hawajui kwamba huyu ndo anayeangalia kipimo, kwao ni yule mgeni asiyeongea. Jumanne tunaanza saketi za umeme, vipande ni betri, waya, balbu na swichi, na swali la mwisho ni kwa nini balbu haiwaki japo kila kitu kinaonekana kimeunganishwa. Swichi nimempa yeye, na kabla ya hapo wale watatu wana dakika zao kumi za kujifunza kuuliza.